Ijumaa Niliyoikuta Ndani ya Nta

Kwa miaka kumi na minne nilipokea vipande vya miili ya watu kwenye ndoo, na sikuwa na mazoea ya kutazama saa. Hilo ndilo kosa langu, na nimeona nilitaje kabla sijaeleza namna nilivyoachana nalo.

Mimi ni mtaalamu wa maabara ya patholojia katika hospitali moja ya rufaa, kanda ya kati ya Tanzania. Daktari wa upasuaji akishatoa uvimbe, mimi ndiye ninayeupokea. Nauloweka kwenye fomalini ili usioze, naukausha maji kwa spiriti, nauzamisha kwenye nta ya moto, na nta ikiganda napata kibonge kidogo tunachokiita bloku. Bloku hiyo naikata kwa maikrotomu vipande vya mikroni 4, vyembamba kuliko utando wa kitunguu, navipandisha juu ya kioo, navipaka rangi na kumpelekea daktari wa patholojia asome. Mgonjwa hanijui, nami simjui. Naijua namba yake tu.

Ijumaa ilikuwa na utaratibu wake. Upasuaji wa mwisho ulimalizika alasiri, na mhudumu akaleta ndoo saa tisa na nusu au saa kumi, wakati koti langu limeshatundikwa nyuma ya mlango. Mara nyingine ndani ya ndoo palikuwa na maji ya chumvi tu. Mara nyingine hapakuwa na majimaji yoyote, kiungo kimeviringishwa kwenye kitambaa cha kijani. Nilimimina fomalini iliyokuwepo, nikafunika, nikabandika namba, nikaenda zangu. Jumatatu asubuhi nilikikuta palepale.

Pafu halivumilii kutunzwa hivyo. Limejaa hewa, kwa hiyo huelea: nusu iko ndani ya dawa, nusu iko juu inakauka. Fomalini nayo haina haraka. Huingia kwenye nyama kwa kadiri ya milimita moja kwa saa, na pafu lisilopasuliwa linaweza kuendelea kuharibika katikati huku nje limeshakakamaa kama limechemshwa. Nililijua hilo tangu chuoni, nikaliandika kwenye mtihani na kulipatia. Lakini hapakuwa na daktari aliyenirudishia kioo kwa malalamiko, na sababu yake nilikuja kuielewa baadaye sana. Ukiiuliza nyama kama ni saratani au siyo, hata iliyochoka hujibu. Umbo la seli bado linaonekana. Ripoti ilitoka, mgonjwa akaambiwa, na mimi nikajihesabu mfanyakazi mzuri.

Mama mdogo ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, mama yangu alipofariki. Alikuwa mama lishe pale Korogwe, karibu na stendi, miaka zaidi ya thelathini juu ya mafiga matatu na kuni. Hakuvuta sigara hata siku moja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeuweka moshi wa kuni za kupikia katika kundi la vitu ambavyo yumkini vinasababisha saratani; kama ndio uliomdhuru yeye, hakuna kipimo cha kuniambia.

Kikohozi kilimwanza katikati ya 2020. Makohozi yalipimwa mara tatu, vijidudu vya TB havikuonekana, na hata hivyo akaanzishiwa dawa za TB. Alizimeza miezi sita bila kuruka siku. Kikohozi hakikuondoka, na mwili ukazidi kupungua. Alipopigwa siti skani, uvimbe ulionekana sehemu ya juu ya pafu la kulia. Akapelekwa Dar es Salaam, na siku ya Ijumaa, tarehe 12 Machi 2021, wakamtolea sehemu hiyo ya pafu pamoja na tezi za limfu zilizo jirani.

Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji tangu asubuhi. Niliomba Mungu kwa ajili ya damu yake, mshono wake, pumzi yake. Kuhusu kipande kilichokuwa kinatolewa sikuomba lolote, wala sikukikumbuka, mimi ambaye mkate wangu unatokana na vipande hivyo. Niliona ndoo ikipita. Mhudumu aliyeibeba alikuwa anazungumza na simu, nami nikampisha njia.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu: adenokasinoma, ile aina ya saratani ya pafu inayotokana na seli za tezi, ambayo ndiyo hupatikana zaidi kwa wasiovuta sigara. Uvimbe ulikuwa wa sentimita 3.5, kingo zilizokatwa zilikuwa safi, tezi zote za limfu zilikuwa safi. Hatua IB. Daktari wake alifurahi, nasi tukafurahi. Kisha mama mdogo akauliza kama ugonjwa utarudi.

Daktari yule simsahau kwa jinsi alivyomheshimu. Hakumjibu kwa maneno ya kubembeleza. Alimwambia kwamba katika takwimu za kimataifa zilizotumika kupanga hatua za saratani ya pafu, wagonjwa mia waliopasuliwa wakiwa katika hatua kama yake, kama 73 kati yao walikuwa hai baada ya miaka mitano. Mama mdogo alinyamaza kidogo, akafunga vizuri kilemba chake, akauliza:

“Na hao ishirini na saba waliobaki, baba, walikuwa na alama gani?”

Nimesoma makala nyingi tangu siku ile, na sijaona mtafiti aliyeliuliza swali hilo vizuri kuliko mama lishe wa Korogwe. Hatua ya ugonjwa hupima ukubwa wa uvimbe na umbali uliofika. Haisemi tabia ya uvimbe wenyewe. Watu wawili wanaweza kutolewa uvimbe wa sentimita 3.5 siku moja, kwa mkono mmoja, tezi safi kwa wote, na mmoja akawaona wajukuu na mwingine asimalize mwaka wa pili. Tofauti yao imo ndani ya seli, na sehemu kubwa yake imeandikwa kwa protini: ipi imezidi, ipi imepotea, ipi imebadilika umbo.

Alama hizo ni za namna mbili, na watu huzichanganya. Zipo zinazosema ugonjwa utaenda vipi ukiachwa baada ya kisu. Zipo zinazosema ugonjwa utaisikia dawa gani. Kwa mgonjwa zote ni ubashiri, lakini ya pili ina mlango wa kutokea. Daktari alitaka za namna ya pili kwanza, hasa EGFR, protini iliyo juu ya ngozi ya seli na inayopokea amri ya kukua. Jeni yake ikiwa na kasoro fulani, amri hiyo haikomi. Mwaka mmoja kabla, mwaka 2020, majaribio yaliyoitwa ADAURA yalikuwa yametoa majibu yake ya mwanzo: watu 682 waliopasuliwa wakiwa hatua IB hadi IIIA na wenye kasoro hiyo, nusu wakapewa kidonge cha osimertinib kila siku, nusu kidonge kisicho na dawa. Waliomeza dawa, ugonjwa ulichelewa mno kurudi. Mwaka 2023 ikaja hesabu ya uhai wenyewe: baada ya miaka mitano 88 kati ya mia walikuwa hai upande wa dawa, na 78 upande mwingine.

Kwa hiyo bloku za mama mdogo zilihitajika. Niliomba nizichukue mwenyewe, nikazifunga kwenye karatasi laini ndani ya kopo la plastiki, nikapanda nazo basi nimezipakata mapajani.

Kule zilikopokelewa nilikuwa na mwalimu wangu wa zamani, daktari wa patholojia aliyekaribia kustaafu. Alinikalisha upande wa pili wa hadubini ya vichwa viwili, akaweka kioo. Kilikuwa kimepakwa Ki-67, alama ya ile namna ya kwanza. Protini hii hupatikana kwenye kiini cha seli inayojigawa, na seli iliyotulia haina. Jina lake limetoka kwenye mji wa Kiel, Ujerumani, ambako kingamwili cha kuikamata kilitengenezwa. 67 ilikuwa namba ya kishimo kwenye sahani ya maabara. Kwenye adenokasinoma ya pafu, Ki-67 ikiwa juu, kwa kawaida uvimbe una haraka na mwisho wake si mzuri, ingawa kila maabara ina mpaka wake wa kusema “juu”, na madaktari hawachagui dawa ya pafu kwa kuitazama peke yake.

Kingamwili kikishika protini yake, rangi ya kahawia hutokea. Nilitazama. Kila kitu kilikuwa cha bluu. Hapakuwa na kahawia hata chembe.

“Hasi,” nilisema, na moyo ukanirukaruka kwa furaha. Uvimbe usiojigawa! Nilikuwa tayari naona namna nitakavyompigia mama mdogo simu.

Mwalimu hakujibu. Alisogeza kioo polepole mpaka kwenye tezi moja ya limfu. “Hapa katikati ya tezi, seli hujigawa mchana na usiku kwa kila mtu mwenye uhai,” alisema. “Kahawia iko wapi?”

Haikuwepo. Akasogeza tena, kwenye ngozi ya ndani ya bomba la hewa. Haikuwepo. Akatafuta ukingo wa kipande, na pale, kwenye utepe mwembamba wa pembeni ambako fomalini iliwahi, tukaona viini vitatu vinne vya kahawia hafifu. Katikati kote palikuwa na viini vilivyovurugika, kama maandishi ya wino yaliyonyeshewa.

“Usiandike hasi,” mwalimu akasema. “Andika haisomeki. Hasi ni jibu. Hili si jibu.”

Kipimo cha jeni ya EGFR nacho kilirudi vivyo hivyo: vinasaba vilikuwa vimekatikakatika mno, havikutosha. Kipimo cha protini nyingine, PD-L1, hakikufanywa. Mwalimu alisema angekifanya angekuwa anatudanganya kwa rangi.

Fomu ya maabara ilikuwa mezani. Sampuli imetolewa Ijumaa. Imepasuliwa na kuangaliwa Jumatatu. Sikuhitaji kuuliza kilichotokea katikati ya siku hizo. Niliijua ile ndoo, niliijua ile sauti ya kufuli, niliijua njia ya kwenda nyumbani. Aliyeyafanya yale alikuwa mtu mwingine katika jiji jingine, lakini Ijumaa iliyokuwa ndani ya ile nta ilikuwa yangu.

Nilienda Korogwe mwishoni mwa wiki ile. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, amekaa upande kwa sababu ya kovu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Umekuja na uso wa msiba.”

Nilimweleza kuhusu bloku, nikamweleza maana ya haisomeki. Alikuwa mwepesi wa kuelewa; alisema nyama ikikaa juani kabla ya kupikwa, hata ukiitia viungo vyote haitarudi. Kisha nikamwambia na lile jingine: kwamba yaliyofanyiwa pafu lake, mimi nimeyafanyia mapafu, matiti na matumbo ya watu kwa miaka kumi na minne.

“Wangapi?” akauliza.

Sikuwa na hesabu. Niliinamisha kichwa. Alichambua mchele muda mrefu bila kunitazama, nami sikuthubutu kuondoka wala kusema. Mwishowe akaniuliza kama nimezungumza na huyo aliyeshika ndoo yake. Nikasema sijazungumza naye. Akasema nikazungumze naye, tena kwa adabu, kwa sababu hatujui alikuwa na nini siku ile.

Nilimpata kwa simu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alidhani nimepiga kumshtaki, na sauti yake ikatetemeka, nikajiona mimi mwenyewe ndani ya sauti hiyo. Wiki ile, aliniambia, fomalini ilikuwa inakaribia kwisha stoo na waliagizwa kuibana. Alikuwa peke yake zamu. Hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba pafu linatakiwa kujazwa dawa kupitia bomba lake la hewa. Hatukugombana. Tuliongea karibu saa nzima, na mpaka leo tunapigiana.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma usiku, na kilichonishika kuliko vyote ni habari ya protini iitwayo ERCC1. Nitaieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndiyo iliyonifundisha adabu ya kazi hii.

Mwaka 2004 yalichapishwa majaribio makubwa ya kimataifa, IALT, ya watu 1,867 waliopasuliwa saratani ya pafu. Nusu walipewa kemo ya kundi la cisplatin baada ya upasuaji. Baada ya miaka mitano, waliopewa walikuwa hai 44.5 kwa mia, wasiopewa 40.4. Ni kweli dawa inaokoa, lakini inaokoa kama wanne kati ya mia, na mia nzima inawekwa kwenye hatari ya kutapika, kuchoka, kuharibiwa figo na masikio. Ungejua mapema ni wanne gani, ungewaepusha wengine. Njaa ya alama inatoka hapo.

Mwaka 2006 watafiti wa Ufaransa na wenzao walichukua bloku 761 za watu walewale wa IALT, wakazipaka kingamwili cha ERCC1. Protini hii ni fundi wa kukarabati vinasaba. Cisplatin huua seli kwa kufunga vinasaba vyake visifunguke. Seli yenye ERCC1 nyingi hujikarabati na kuendelea. Majibu yalikuwa kama yamepangwa: wasio na protini hiyo walifaidika na kemo, walionayo hawakufaidika. Na upande wa waliopasuliwa tu bila kemo, wenye ERCC1 ndio walioishi zaidi. Protini moja, ikaonekana inajibu maswali yote mawili. Hospitali zikaanza kuipima.

Mwaka 2013 timu hiyohiyo ikarudi. Walijaribu kuyathibitisha majibu kwa bloku za majaribio mengine mawili, yakagoma. Walipozipaka upya bloku za IALT zenyewe kwa kingamwili chenye jina lilelile, majibu hayakulingana na ya kwanza. Wakapima vingamwili 16 vinavyouzwa, na hakuna hata kimoja kilichoweza kutofautisha maumbo manne ya ERCC1, ambapo ni umbo moja tu linalofanya kazi yote ya ukarabati. Rangi ya kahawia ilikuwa pale, lakini haikuwa imeshika walichodhani imeshika.

Nilipomaliza kusoma habari hiyo nilikaa kimya. Nawaheshimu sana watu wale. Walisimama mbele ya dunia wakasema kipimo chao hakiaminiki. Na mimi, ambaye sikuwa nimechapisha chochote, nilikuwa na kabati zima la bloku ambazo sikuweza kusema lolote juu yake.

Jumatatu iliyofuata nilinunua daftari la kurasa mia mbili na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Daftari lilikuwa na safu nne: namba, saa kiungo kilipotoka mwilini, saa kilipoingia kwenye fomalini, saa kilipotoka kwenye fomalini. Safu ya kwanza na ya nne nilizimudu mwenyewe. Zile mbili za katikati zilinipeleka thieta, mahali ambapo watu wa maabara hawakaribishwi.

“Wewe wa maabara unatafuta nini huku?” Sista wa zamu alinizuia mlangoni. Alikuwa na haki. Nilimwomba radhi, nikamwomba dakika tano baada ya kazi. Nilimwonyesha picha mbili kwenye simu yangu, zote za Ki-67: moja ya tezi iliyotunzwa vizuri, katikati imejaa kahawia kama mbegu za ufuta uliokaangwa, na nyingine ya mama mdogo. Nilimwambia ya pili ni ya nani. Aliikuza kwa vidole, akaitazama, akaenda kumwita daktari wa upasuaji. Kuanzia wiki ile, mtu wa kwanza kujua pafu linatoka alikuwa mimi. Sista mwenyewe alikuwa anaandika saa kwa wino mwekundu kwenye mfuniko wa ndoo.

Sasa pafu likitoka nalifuata kwa miguu yangu. Naingiza mrija kwenye bomba lake la hewa, nasukuma fomalini kwa sirinji taratibu, na lile pafu lililonywea linajaa, linarudia umbo lilivyokuwa kifuani. Kila nikilifanya hilo nanyamaza. Kisha nalichanja vipande vya unene wa sentimita moja na kulizamisha kwenye dawa nyingi, mara kumi ya ujazo wake, nikilifunika kwa kitambaa lisielee. Fomalini yenyewe naichanganya na chumvi za fosfeti, kwa sababu ile ya kawaida ikikaa huchachuka na asidi yake hukata vinasaba. Muda wa kuloweka haupungui saa sita, hauzidi saa sabini na mbili. Ukizidi, protini hujifunga kwa kukakamaa na kingamwili hakipati pa kushika. Ijumaa ikiwa na pafu, Jumamosi nipo. Mkuu wa maabara alisema hakuna fungu la malipo ya ziada, na ni kweli halikuwepo. Na kwenye kila kioo cha protini naweka kipande kingine ambacho najua kitatoa kahawia. Kisipotoa, siandiki kitu.

Mapafu yanayofika kwenye kisu kwetu ni machache, kwa maana wengi huja ugonjwa umeshatapakaa. Lakini yapo. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, alipasuliwa katika hatua ya pili. Bloku yake ilisomeka kuanzia ukingo hadi katikati. PD-L1, ile protini ambayo seli ya saratani huivaa ili askari wa mwili waipite bila kuigusa, ilikuwa kwenye seli 60 kati ya mia. Majaribio ya IMpower010, yaliyochapishwa 2021, yalionyesha kwamba waliopasuliwa wakiwa hatua ya pili hadi IIIA na kupata kemo, wakiwa na PD-L1 hiyo, hufaidika wakiongezewa atezolizumab, na wenye nyingi hufaidika zaidi. Daktari alikuwa na cha kumwambia mzee yule. Safari yake ya kuitafuta dawa hiyo na bei yake ni yake kuisimulia.

Mama mdogo hakupewa kemo, kwa kuwa uvimbe wake haukufika sentimita nne. Aliangaliwa kila baada ya miezi michache. Aliongezeka mwili, akarudi kwenye banda lake, akanunua jiko la gesi. Mwanzoni mwa 2023 pumzi ilianza kumpungukia akipanda mlima mdogo wa kwenda kanisani. Maji yalikuwa yamejaa upande wa kulia wa kifua.

Maji hayo yalivutwa, seli zake zikakusanywa, zikazamishwa kwenye fomalini na nta siku ileile. Zilisomeka. EGFR, kasoro kwenye kipande cha jeni kiitwacho eksoni ya 19. Kasoro za EGFR huwa zinatokea mapema katika maisha ya uvimbe, kwenye shina lake, kabla ya matawi. Kwa hiyo karibu nina hakika ilikuwemo tangu Machi 2021, katikati ya kile kipande, ikisubiri mtu aisome.

Nimejizuia sana nisiseme kwamba dawa ingemwokoa. 88 na 78 ni hesabu ya watu wengi, na mama mdogo alikuwa mmoja. Osimertinib ni ghali, na sijui kama tungeimudu miaka mitatu mizima hata tungeuza kiwanja. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: alikuwa na haki ya kuulizwa. Alianza erlotinib, dawa ya kundi hilohilo iliyoitangulia osimertinib, ambayo tangu 2019 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Maji yakakauka. Ngozi ilimtoka vipele, akavicheka, akapumua. Alipata miezi kumi na moja mizuri, na mingine isiyo mizuri. Tulimzika Agosti 2024, kwao milimani, Lushoto.

Siku waliyomvuta yale maji nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, nimeshika chupa. Alikuwa ameinamia mto, mgongo wazi, na daktari kijana alikuwa anamwambia atasikia kama anasukumwa. Majimaji ya rangi ya chai yalianza kushuka kwenye mrija. Mama mdogo aligeuza shingo kidogo, akanitafuta kwa macho, akamwambia yule daktari:

“Mwandikie saa, baba. Huyu anahitaji saa.”

Daktari alinitazama bila kuelewa, kisha akatazama ukutani, akachukua kalamu. Ilikuwa saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi.